Kutengwa na Kurudi Kundini: Toba na Neema katika Makanisa ya Mbeya na Iringa

Kurudi kundini ni utaratibu wa kanisa unaomwezesha Mkristo aliyezuiwa kushiriki Meza ya Bwana kuungama, kufundishwa upya na kupokewa tena na wenzake. Katika Nyanda za Juu Kusini utaratibu huu una umri sawa na Ukristo wenyewe. Ulianza na jumuiya za kwanza za waliobatizwa mwishoni mwa karne ya 19, ukapita katika vita viwili vya dunia, kugawanyika kwa makanisa, uamsho na janga la Ukimwi, na hadi leo bado unafuatwa. Eneo linalohusika ni mikoa ya Mbeya na Iringa kama ilivyojulikana kwa miaka mingi, yaani pamoja na Njombe, iliyotengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe, iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016.

Utaratibu huo umejengwa juu ya mafundisho mawili yasiyoachana. La kwanza ni kwamba hakuna mwanadamu asiye na dosari. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, anawaweka Wayahudi na mataifa yote katika fungu moja la wenye dhambi. La pili ni kwamba mwanadamu haponywi na juhudi zake, bali na neema anayopewa bila kuistahili. Martin Luther, ambaye hoja zake za mwaka 1517 ziliwasha Matengenezo ya Kanisa huko Ujerumani, alishikilia kwamba aaminiye amehesabiwa haki mbele za Mungu na papo hapo angali mwenye dhambi. Wamoraviani, ambao asili yao ni Bohemia mwaka 1457, huadhimisha tarehe 13 Agosti 1727. Siku hiyo wakimbizi wa kijiji cha Herrnhut, waliokuwa wamefarakana vibaya, walipatanishwa katika ibada ya Ushirika Mtakatifu chini ya uongozi wa Nikolaus von Zinzendorf.

Hata hivyo kanisa linalohubiri neema halikosi utaratibu wa kushughulikia makosa. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inataja hatua tatu: kumwonya aliyekosa faraghani, kumwendea tena na mashahidi, na mwisho kulipeleka jambo mbele ya kanisa. Sura hiyohiyo ina mfano wa kondoo aliyepotea na agizo la kusamehe pasipo kuhesabu. Makanisa ya Mbeya na Iringa yamejifunza sura hiyo kwa zaidi ya miaka 130, na historia yao inathibitisha jambo moja: nidhamu imewajenga watu pale tu mlango wa kurudi ulipoachwa wazi. Ulipofungwa, nidhamu iligeuka kuwa mzigo, na waliobebeshwa zaidi walikuwa wanyonge.

Toba kabla ya wamisionari

Wenyeji wa nyanda hizi walikuwa na njia zao za kushughulikia makosa muda mrefu kabla ya kujengwa kanisa la kwanza. Kwa Wanyakyusa, habari hizo ziliandikwa kwa kina na Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti wilayani Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938. Waliona kwamba jambo lililoogopwa kuliko yote ni hasira iliyofichwa moyoni. Ugonjwa, utasa au mikosi ndani ya ukoo vilihusishwa na kinyongo cha jamaa au manung'uniko ya majirani, ambayo yaliaminika kumfikia mkosaji kama pumzi ya baridi.

Kwa sababu hiyo tambiko la ukoo halikuwa na nguvu mpaka watu waseme yaliyo mioyoni mwao. Ndugu waliogombania ng'ombe, mashamba au mahari walitakiwa kuyataja magomvi yao mbele ya wengine kabla ya kula pamoja. Aliyenyamaza huku ana kinyongo alihesabiwa kuwa ndiye anayeharibu tambiko. Kupuliza maji kutoka kinywani kulikuwa ishara kwamba hasira imetoka na nia njema imerudi.

Wahehe na Wabena, kwa upande wao, walimjua Mungu kwa jina la Nguluvi, lakini shida za kila siku walizipeleka kwa wahenga makaburini, kwa unga, pombe au mnyama wa kuchinja. Wazee walisuluhisha, fidia ikalipwa, na walioteta wakala chakula kimoja. Hivyo kuungama na kupatana havikuwa mambo mageni. Upya wa Ukristo ulikuwa kwamba kosa si baina ya ndugu, jirani na wahenga peke yao. Ni kosa mbele za Mungu, ambaye hadai fidia kwa sababu ameilipa mwenyewe katika Kristo. Fundisho hilo lilichukua muda mrefu kueleweka, na kuna nyakati ambapo wahubiri wenyewe waliishi kinyume chake.

Vituo vya misheni na sheria zake

Mwaka 1891 makundi mawili ya wamisionari wa Kijerumani yalifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire. Wamoraviani, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga chini ya mlima Rungwe. Walutheri wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianza Wangemannshöhe, kisha wakaenda Manow mwaka 1892, na Mwakaleli na Ikombe mwaka 1893. Kutoka huko Waberlin walivuka milima ya Livingstone hadi Bulongwa katika Ukinga mwaka 1895, wakaendelea hadi Kidugala, Lupembe na Ilembula katika Ubena, na baadaye Pommern katika Uhehe. Wamoraviani walisambaa hadi Rutengano, Ipyana, Utengule, Mbozi na Isoko.

Iringa ilipokea Ukristo katika mazingira ya vita. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo. Mwaka 1894 Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga, na Mkwawa akapigana vita vya msituni hadi kifo chake mwaka 1898. Wabenediktini Wakatoliki walianzisha kituo cha Tosamaganga mwaka 1897, wakati vita hivyo havijaisha. Wahehe walisikia habari za msamaha kutoka kwa watu wa taifa lilelile lililochoma mashamba yao. Kasoro za kibinadamu zilizohubiriwa kanisani zilionekana kwanza kwa walioleta mahubiri, na ni haki historia iliseme hilo bila kuficha.

Merensky alikuja na uzoefu wa Afrika Kusini, ambako mwaka 1865 alianzisha Botshabelo, kijiji cha Wakristo kilichoishi chini ya kanuni za misheni. Mfano huo uliathiri vituo vya Nyasa na Ubena. Misheni ilimiliki ardhi, na aliyejenga juu yake alikubali kanuni zake: kuheshimu Jumapili, kupeleka watoto shule, kuacha matambiko na uganga, kutokulewa, na mwanamume kuwa na mke mmoja. Mmisionari alikuwa mchungaji, mwalimu, mwenye ardhi na hakimu kwa wakati mmoja. Aliyefukuzwa kituoni alipoteza nafasi ya kanisani pamoja na shamba na makazi.

Vituo hivyo vilikuwa pia kimbilio. Wakati huo biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma, na waliokombolewa, wajane waliokataa kurithiwa na watoto wasio na ndugu walipata usalama hapo. Mtu wa kwanza kubatizwa na Wamoraviani wa Rungwe, mwaka 1897, alikuwa mwanamke aliyepitia utumwa, Fiabarema, aliyepewa jina la Numwagire. Miaka karibu sita ilikuwa imepita tangu kituo kianzishwe. Machifu walikuwa wamewapokea wageni kwa heshima na kuwapa ardhi, lakini aliyetangulia kuingia katika maji ya ubatizo alikuwa mtu asiye na ukoo wa kumtetea wala mali ya kujivunia. Ni vigumu kupata kielelezo kilicho bora zaidi cha neema katika historia ya eneo hili.

Baada ya ubatizo nidhamu iliendelea. Wamoraviani walikuwa na desturi ya kale ya mazungumzo ya faragha kabla ya Ushirika Mtakatifu, ambapo kila mshiriki aliulizwa habari za moyo wake na nyumba yake. Walutheri walifundisha Katekisimu Ndogo ya Luther, yenye sehemu inayohusu maungamo. Kwa pande zote mbili, aliyekutwa na kosa la wazi alizuiwa kwanza kufika mezani, na akiendelea kwa ukaidi alitengwa kabisa. Wasaidizi wa Kiafrika, waliokuwa walimu na wazee, ndio waliojua yaliyotokea vijijini, nao wakawa macho na masikio ya nidhamu hiyo.

Suala la wake wengi

Hakuna jambo lililoipima neema ya makanisa hayo kama ndoa ya wake wengi. Kanuni ya kawaida ilikuwa kwamba mwanamume mwenye wake wawili au zaidi hawezi kubatizwa mpaka abaki na mmoja. Ilionekana kuwa kanuni safi, lakini matokeo yake yalikuwa machungu. Mwanamke aliyeolewa kihalali kwa mahari ya ng'ombe alirudishwa kwao bila kosa lolote, watoto wakabaki kati ya nyumba mbili, na ukoo ukadaiwa ng'ombe waliokwisha kugawanywa. Mume alihesabiwa kuwa ametubu, na gharama ya toba yake ikalipwa na mkewe.

Traugott Bachmann, Mmoraviani aliyeishi miongoni mwa Wanyiha huko Mbozi tangu kituo kilipoanzishwa hadi Vita Kuu ya Kwanza, aliliona tatizo hilo mapema. Alifika akiwa na msimamo mkali kama wenzake. Kadiri alivyojifunza Kinyiha, lugha ambayo alitafsiri Agano Jipya, na kadiri alivyowasikiliza wazee, alifikia kuona kwamba desturi nyingi alizozikataza hazikuwa uovu, na kwamba haifai kumlazimisha mtu avunje nyumba yake ndipo akubaliwe kwa Mungu. Mawazo yake yalizua mabishano makali kati ya wamisionari. Suala lenyewe lilikuwa zito: kama wokovu ni kwa neema, kwa nini mlangoni pawekwe sharti ambalo wengine ndio wanaolilipia?

Jibu jingine lilitoka kwa Waafrika wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920, Jordan Msumba alianzisha huko Nyasaland (Malawi ya leo) Kanisa la Mwisho la Mungu na Kristo Wake, na mwishoni mwa miaka hiyohiyo likatokea huko Kanisa la Kitaifa la Kiafrika. Yote mawili yalivuka mto Songwe na kupata wafuasi wilayani Rungwe. La pili lililetwa hasa na juhudi za Paddy Nyasulu. Yalipokea wanaume wenye wake wengi pamoja na nyumba zao. Miongoni mwa waliojiunga walikuwamo watu waliotengwa na makanisa ya misheni ambao hawakuwa wameacha kusali wala kusoma Biblia. Viongozi wa makanisa hayo walisema kwamba Ibrahimu na Yakobo walikuwa na wake zaidi ya mmoja, na kwamba kundi kubwa la wazee haliwezi kuachwa nje ya ufalme wa Mungu kwa ajili ya ndoa zilizofungwa kabla hawajaisikia Injili. Makanisa ya misheni yaliyaita mafarakano. Yakitazamwa kutoka mbali kidogo, yanaonekana kuwa ushahidi wa jinsi watu walivyokuwa na kiu ya kurudi mezani.

Miaka ya kuachiwa kundi

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mei 1916, majeshi ya Uingereza kutoka Nyasaland yaliingia Rungwe, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Kwa miaka karibu kumi makanisa yalibaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika, wakisaidiwa na Waskoti wa Misheni ya Livingstonia ambao walikuwa wachache na mbali. Walimu waliendesha ibada, wakafundisha wakatekumeni, wakazika na kupatanisha. Waskoti walitoka katika kanisa la Kipresbiteri, ambalo kwa mila yake huweka maamuzi ya nidhamu mikononi mwa baraza la wazee badala ya mchungaji peke yake.

Wajerumani waliporudi mnamo 1925 na 1926, walikuta sharika zilizo hai. Mabadiliko makubwa yalikuwa katika mamlaka. Wazee waliokuwa wasaidizi sasa walijua kuamua, na wengi waliamini kwamba kosa la mwana wa kijiji linaeleweka vizuri zaidi na watu wa kijiji. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 Wajerumani waliwekwa tena kizuizini, na katika maeneo ya Kilutheri Waswidi walichukua nafasi yao. Mwaka 1963 Walutheri wa Tanganyika waliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, na Dayosisi ya Kusini yenye makao Njombe baadaye ikazaa dayosisi nyingine, zikiwamo Iringa na Konde. Kwa Wamoraviani, Jimbo la Kusini lilibaki na makao Rungwe, na mwaka 1978 likazaliwa Jimbo la Kusini Magharibi lenye makao Mbeya. Nidhamu ya kanisa ikawa kazi ya Waafrika kabisa, na lawama zake pia.

Jinsi mtu anavyotengwa na kurudi

Utaratibu uliokomaa katika kipindi hicho unafanana katika sharika nyingi. Kosa linapojulikana, mzee wa kanisa wa mtaa humtembelea mhusika nyumbani. Makosa yanayotajwa zaidi ni kuishi kinyumba bila ndoa ya kanisa, kuoa mke wa pili, mimba nje ya ndoa, kwenda kwa mganga, kushiriki tambiko na ulevi. Katika Iringa na Njombe ulevi huongezeka msimu wa ulanzi, wakati wa mvua, mianzi inapogemwa na kinywaji kupatikana kwa bei ya chini karibu kila kijiji. Rungwe hali kama hiyo huletwa na kimpumu, pombe ya ulezi ambayo watu hukizunguka chungu na kuivuta kwa mirija. Kwa mila za kale za Kilutheri na Kimoraviani kinachokatazwa ni kulewa. Makundi ya uamsho na Wapentekoste hukataza kunywa kabisa.

Mhusika akikataa kusikia, jambo huenda kwenye baraza la wazee, ambalo mwenyekiti wake ni mchungaji. Aliyetengwa huruhusiwa kuja ibadani, kuimba na kutoa sadaka, lakini hafiki mezani, hasimamii ubatizo wa mtoto, wala hapewi uongozi. Uchungu mkubwa huja msibani. Aliyefariki kabla ya kurudi kundini aliweza kuzikwa bila ibada ya kanisa, mchungaji asifike, kwaya isiimbe. Katika jamii inayoyapa mazishi uzito mkubwa, hofu hiyo imewarudisha watu wengi kuliko mahubiri, na imeacha majeraha katika koo nyingi.

Safari ya kurudi huanza kwa mzee yuleyule wa mtaa. Mwenye kutubu humweleza nia yake, mzee humpeleka kwa mwinjilisti au mchungaji, naye huhudhuria mafundisho kwa kipindi kilichopangwa. Kama kosa lilikuwa kuishi bila ndoa ya kanisa, hupangwa pia siku ya kubariki ndoa, na si ajabu kuona babu na bibi wenye wajukuu wakisimama madhabahuni pamoja na vijana. Jumapili iliyowekwa, mara nyingi karibu na Pasaka au Krismasi, wanaorudi huitwa mbele kwa majina. Mchungaji huwauliza kama wanaungama dhambi zao na kama wanataka kuishi upya, nao hujibu kwa sauti. Kisha huugeukia usharika na kuuliza kama uko tayari kuwapokea, na watu hujibu. Huombewa wakiwa wamepiga magoti na kutangaziwa msamaha. Baada ya ibada waumini hupanga mstari nje ya kanisa na kuwapa mikono mmoja mmoja, kinamama wakipiga vigelegele.

Kipengele cha mwisho, kupeana mikono, ndicho kinachomrudisha mtu katika jamii. Aliyeepukwa kisimani na sokoni husalimiwa hadharani na watu walewale waliomsengenya. Utaratibu wa Kikristo na ile mila ya kale ya kutoa kinyongo kabla ya kula pamoja vinakutana hapa bila kugombana.

Udhaifu wa utaratibu huo nao unajulikana. Mimba haifichiki, lakini baba wa mtoto hujificha. Wasichana wengi walitengwa, na vijana waliowapa mimba wakaendelea kuimba kwaya. Dhambi zenye kuonekana zilihukumiwa. Choyo, dhuluma ya mashamba ya wajane, majivuno na chuki hazikufika barazani. Mwenye mali alivumiliwa muda mrefu kuliko maskini. Wachungaji na wanateolojia wa Kiafrika wamelisema hili mara nyingi, wakikumbusha kwamba baraza la wazee ni baraza la wenye dhambi pia.

Kitubio kwa Wakatoliki

Wakatoliki wa eneo hili walipita njia nyingine. Huko Iringa, Wabenediktini walipoondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, Wamisionari wa Konsolata kutoka Torino, Italia, walipokea kazi yao mwaka 1919, huku upande wa Mbeya ukihudumiwa na Mapadre Weupe. Katika Sakramenti ya Kitubio mwamini huungama dhambi zake kwa padre kwa siri, hupewa malipizi na kuondolewa dhambi, na padre hawezi kufichua alichosikia. Aibu ya hadharani ilipungua, lakini umbali ulikuwa tatizo. Vigango vingi viliongozwa na katekista, ambaye hawezi kuondolea dhambi, na padre alifika mara chache kwa mwaka. Kabla ya Pasaka na Krismasi foleni za maungamo zilikuwa ndefu, na wengine walitembea kutwa nzima hadi parokiani. Walioishi bila ndoa ya Kanisa walizuiwa Komunyo kama ilivyokuwa kwa jirani zao Waprotestanti. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilianza kuchukua sehemu ya kazi ya kupatanisha familia, kwa kuwa majirani wanaosali pamoja kila wiki hujua mapema nyumba yenye ugomvi.

Uamsho

Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, na miongoni mwa Waganda, ukihusishwa na majina ya Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church. Ulienea hadi Buhaya, Kenya na sehemu nyingi za Tanganyika, na roho yake ikayagusa pia makanisa ya kusini. Msisitizo wake ulikuwa kuungama waziwazi mbele ya wenzako na kutembea nuruni. Salamu ya Bwana Yesu asifiwe, ambayo leo inasikika kila mahali kuanzia Mafinga hadi Kyela, ilienezwa sana na watu wa uamsho.

Uamsho ulibadilisha orodha ya dhambi. Wazee walikuwa wakishughulika na zinaa na ulevi. Ndugu wa uamsho waliungama wivu, kinyongo, ubaguzi wa kabila, kodi isiyolipwa na vitu vidogo walivyochukua kazini, na wengine walivirudisha. Mchungaji aliweza kuungama mbele ya washarika wake. Hapo fundisho kwamba wote wamepungukiwa liliacha kuwa somo la katekisimu, likaonekana kwa macho, kwa kuwa hakukuwa na aliyebaki katika kiti cha hakimu. Hatari yake ilikuwa kuligawa kanisa kati ya waliookoka na wasiookoka, na kumfanya aliyepokea neema aisahau na kuanza kupima neema ya wengine. Makanisa ya Kipentekoste, yaliyokua kwa kasi mjini Mbeya na Iringa tangu mwisho wa karne ya 20, yamerithi nguvu hiyo na hatari hiyo.

Ukimwi: mtihani mkubwa

Mtihani mzito kuliko yote ulikuja na Ukimwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, maambukizi ya VVU yalikuwa asilimia 13.5 mkoani Mbeya na 13.4 mkoani Iringa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Mwaka 2007–08 Iringa, wakati huo ikiwa pamoja na Njombe, ilifikia asilimia 15.7, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Barabara kuu ya kwenda Zambia, vibarua wa mashamba ya chai na misitu, na wanaume wanaofanya kazi mbali na nyumbani vilichangia. Wilaya ya Makete ilijulikana nchi nzima kwa wingi wa yatima.

Mwanzoni wahubiri wengi waliutaja ugonjwa huo kuwa adhabu ya zinaa. Nidhamu ya zamani ilionekana kutoa jibu rahisi: mgonjwa ni mkosaji. Lakini wagonjwa walikuwa wengi mno na wa karibu mno. Walikuwamo wake waaminifu walioambukizwa na waume zao, watoto wachanga, wanakwaya, wazee wa kanisa na wachungaji. Hospitali za makanisa, kama Ilembula na Bulongwa za Walutheri na Tosamaganga ya Wakatoliki, zilipokea watu bila kuuliza walivyoambukizwa. Katika sharika, akinamama walianza kwenda majumbani kuosha wagonjwa, kupika uji na kulima mashamba ya wasiojiweza. Ni vigumu kuendelea kumhukumu mtu unayemgeuza kitandani. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kupatikana bure katika miaka ya 2000, wachungaji waliokwisha kujifunza kunyamaza juu ya hukumu ndio walioweza kuwashawishi watu kupima.

Kwa njia hiyo Ukimwi uliyafundisha makanisa ya Mbeya na Iringa jambo ambalo mijadala ya karne nzima haikuweza kulimaliza. Mstari kati ya wasafi na wachafu, uliolindwa kwa bidii tangu siku za vituo vya misheni, ulipita katikati ya kila nyumba. Waliobaki na heshima mbele ya watu walikuwa wale waliokwenda kwa wagonjwa.

Hali ya sasa

Leo kutengwa bado kumo katika katiba na kanuni za makanisa mengi, lakini utekelezaji umelegea na pia umekuwa na huruma zaidi. Mijini, aliyetengwa huweza kuhamia kanisa jingine mtaa wa pili, na hofu ya zamani imepoteza nguvu. Mahali pengi wachungaji hutanguliza ushauri nasaha kabla ya baraza, huwatafuta vijana wa kiume sawa na wasichana, na huandaa siku za kubariki ndoa za watu wengi kwa pamoja ili gharama ya sherehe isiwe kizuizi. Katika mazishi, wengi hupendelea kuifariji familia kuliko kumwadhibu marehemu. Wapo wanaoona kwamba kanisa limepoteza makali, na hoja yao ina uzito: jumuiya isiyotaja kosa kwa jina lake haiwezi kumlinda mke anayepigwa wala yatima anayenyang'anywa shamba.

Historia ya Nyanda za Juu Kusini haitoi ruhusa ya kuchagua kati ya sheria na neema. Inaonyesha kwamba sheria iliyo mikononi mwa wanaojiona hawana dosari huumiza, na kwamba neema isiyotaja kosa huwaacha walioumizwa bila mtetezi. Vyote viwili vimefaa pale waliokuwa wakihukumu walipokumbuka kwamba wao wenyewe walipokewa kwanza.